Nilivyomkwepa Mama kwa Ndege

Kwetu ni Nyamisati, na mtu wa Nyamisati akitaka kwenda Mafia hupanda boti. Hata anayetoka Dar hupanda basi Mbagala, akashuka Bungu, akakata kushoto mpaka baharini, boti ikampeleka Kilindoni. Njia hiyo kwangu ina ubaya mmoja tu: inapita mlangoni kwa mama. Na mama, tangu nimuahidi kuliezeka jiko lake bati, hana mazungumzo mengine.

Kwa hiyo mjomba aliponialika harusi Kilindoni, nikakata tiketi ya ndege. Dar hadi Mafia ni kama nusu saa. Mama hajui, jiko halitajwi.

Vindege vya huko vina propela moja, na abiria hawafiki kumi na tano. Mzigo mwisho kilo 15, tena begi liwe laini, la kubonyea, maana sanduku gumu halina pa kuingia. Hilo nilijiandaa nalo. Sikujiandaa kupimwa mimi. Begi liliposhuka mizanini nikasikia, "Na wewe, mzee, panda." Miaka sita namwambia mke wangu nina kilo 78. Binti wa mizani akasoma 96 kwa sauti ya mnadani, na mama mmoja kwenye foleni akaitikia, "Mashallah."

Nikakalishwa mbele, kando ya rubani. Kama ilikuwa heshima au hesabu ya uzito, sikuuliza. Mbele yangu palikuwa na usukani wa pili, unacheza wenyewe kila rubani akigusa wake. Nikabana mikono kwapani kama mtoto aliyeonywa asishike vyombo vya wageni. Baada ya muda, upande wa kulia, delta ya Rufiji ikafunguka: mto umechanika vijito kwa vijito, maji ya kahawia yanamwagika baharini, mikoko imejaa mpaka ukingoni. Nyamisati ipo huko huko. Nikageuza uso kushoto.

Ningeikumbuka historia ya kwetu, nisingejisumbua. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijibanza ndani ya delta hii ikitumaini mikoko itaisitiri. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, wakatengeneza uwanja, na ndege zao zikawa zinachungulia kutoka juu na kuielekeza mizinga ya meli zao mbili, Severn na Mersey. Julai 11, 1915 manowari ikawa haina la kufanya, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Yule alijificha deltani, akaumbuliwa na ndege ya Mafia. Mimi nikapanda ndege ya Mafia ili delta isinione.

Harusi ilikuwa nzuri, pilau lilitosha. Tatizo ni kurudi.

Uwanja wa Mafia uko hapo hapo Kilindoni mjini. Asubuhi ya safari nilitaka kuwahi saa mbili kabla, kama watu wa Dar, wenyeji wakanicheka. "Ukae huko ufanye nini? Ndege ikitua utaisikia, ndiyo unyanyuke." Ushauri mzuri sana kwa mtu asiyechagua kunywa chai karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Nilikaa, nikaagiza vitumbua, nikaongeza supu ya pweza. Mashine inanguruma, nami nimetulia, natega sikio. Mara umeme ukakatika, mashine ikanyamaza, na hapo ndege nikaisikia vizuri kabisa. Nilipoinua macho ilikuwa juu ya minazi, tumbo lake jeupe, inaelekea Dar.

Nikapanda boti.

Saa kadhaa baadaye, nimelowa chumvi mpaka kwenye nyusi, nikaliona gati la Nyamisati, na juu yake kanga ninayoijua. Nilikuwa nimesahau kwamba nusu ya waalikwa walikuwa watu wa kwetu, na wote wana simu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuniuliza harusi. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Kumbe hela ya ndege unayo."

Kisha akamgeukia mwanamume aliyesimama nyuma yake na futi mkononi. "Fundi, mwenyewe ndiye huyu. Mwambie bati ngapi."