Jinsi ya Kuwa Mwenyekiti wa Watambuzi: Hatua Saba

Umechaguliwa. Makofi yamepigwa, picha ya pamoja imepigwa, na sasa wewe ni Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama cha wataalamu wa utambuzi wa kisayansi: wasomaji wa alama za vidole, wapimaji wa vinasaba, wakaguzi wa meno na mifupa. Kabla hujaagiza fulana zenye nembo, fuata hatua hizi.

1. Mkutano wa kwanza uitishe Kasulu. Wajumbe watauliza habari za hoteli ya ufukweni. Waambie haipo, ila shule ipo. Kwenye nyanda hizi za Kigoma, Kiha na Kirundi vinasikilizana, na majina ya watu hufanana pande zote mbili za mpaka. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza kupokea Wakongo mwaka 1996. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Atakayesikiliza watu wa huku wakijieleza hatasema tena kwamba jina pekee linatosha kumtambulisha mtu.

2. Shika jembe kabla ya kipaza sauti. Mwongozo ulioandikwa kwa vidole vya ofisini utakwama Kibondo. Miaka ya kulima mihogo na maharage hulainisha mistari ya vidole mpaka mashine isione kitu. Mei 2019 laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, kidole kilicholika kilikuwa kikwazo tosha. Kwa hiyo chama kiagize: mikono ioshwe, vidole vyote kumi vijaribiwe, na panapowezekana mboni za macho zisomwe, kama UNHCR inavyofanya kwa wakimbizi. Mkulima asirudishwe nyumbani kwa udhaifu wa mashine.

3. Jifunze rangi mbili. Interpol hutumia fomu ya njano kwa habari za mtu alipokuwa hai, na ya waridi kwa yale yaliyokutwa mwilini. Utambulisho huja pale mbili hizo zinapokubaliana, hasa kwa alama za vidole, meno au vinasaba. Mtu ambaye hajawahi kukalia kiti cha daktari wa meno hana faili la kulinganisha. Basi wafundishe wanachama kuketi na mama wa marehemu, kumpa pole kwanza, kisha kumuuliza polepole: jino gani lilitoka, mguu upi uliwahi kuvunjika. Majibu hayo husaidia, lakini hayatoshi peke yake. Mwombe pia sampuli ya vinasaba.

4. Kazi ya wadogo itaje kwa majina yao. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Calcutta, Azizul Haque na Hem Chandra Bose walifanya kazi kubwa ya kupanga alama za vidole katika makundi. Mfumo ukabaki na jina la bosi wao, Edward Henry. Ripoti ya chama chako ianze na fundi wa maabara na mhudumu wa mochwari. Jina lako litosheke na ukurasa wa mwisho.

5. Linda neno "haitoshi". Baada ya mabomu ya Madrid, Machi 2004, wataalamu wa FBI walimhusisha mwanasheria wa Oregon na alama ya kidole isiyo yake, akawekwa kizuizini. Waliohakiki walikuwa wanajua jibu la mwenzao wa kwanza. Weka kanuni: mhakiki wa pili asiambiwe wa kwanza amesema nini. Na mwanachama akisema ushahidi hautoshi, mpigie makofi kama ulivyopigiwa wewe.

6. Jifunze kukataa kwa adabu. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009. Isome yote kabla ya hotuba yako ya kwanza. Alama ya kidole ya mkimbizi ni siri nzito, maana ikifika mikononi mwa aliowakimbia, roho yake imo hatarini. Mkubwa yeyote akiiomba kwa simu, mjibu: "Shikamoo mzee, naomba utaratibu wa kisheria ufuatwe." Kisha usiitoe.

7. Ajenda ya kudumu iwe wasiotambuliwa. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na makaburi ya Igoma, Mwanza, yana wahanga waliozikwa bila kutambuliwa. Familia zao haziwezi kuonyeshwa kaburi lipi ni la ndugu yao, na adha hiyo haipungui kwa sababu miaka imepita. Kila wilaya ifungue daftari, Kasulu na Kibondo zikiwa za kwanza, na liandikwe upya kila mwezi. Kwenye mkutano mkuu wanachama wakuulize swali moja: mwaka huu tumewarudisha wangapi kwa ndugu zao? Jibu kwa idadi, na ujibu kabla ya chakula cha mchana.