Nalipa Nitishwe, Nachekeshwa

Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na starehe yangu imebaki moja: kutishwa. Wenzangu wana bao, wana Simba na Yanga, wana ulanzi. Mimi nataka picha ya kutisha, ile ya kumfanya mtu ashindwe kutoka usiku kwenda chooni. Ni ombi dogo, halimpunguzii mtu kitu, lakini hapa Mlabani, Ifakara, sijaona wa kunitimizia.

Wenzetu jambo hili wameliwekea utaratibu. Mji wa Sitges, Hispania, una tamasha la filamu za kutisha tangu 1968, na watu wanajipaka damu bandia na kuzurura mitaani wakijifanya maiti waliofufuka. Cape Town wana lao tangu 2005. Hata ndugu zetu wa Zanzibar, ambao tamasha lao la filamu la ZIFF lilianzishwa 1997 na wala si la kutisha, angalau wana Ngome Kongwe ya kukalia na kutazama filamu chini ya nyota. Sisi jumba la sinema hatuna. Tuna kibanda umiza: mabanzi pembeni, bati juu, mabenchi yasiyo na migongo, na televisheni iliyopandishwa karibu na paa kana kwamba nayo inaogopa mafuriko. Nje kuna ubao wa chaki: "ARSENAL NA MAN U. BAADAYE MAJINI." Kwa mara kadhaa nimeshindwa kujua kipi kati ya hivyo ndicho cha kutisha zaidi.

Nitalalamika kwa mpangilio, maana nikilalamika ovyo watasema ni uzee.

Kwanza, mtafsiri. Filamu ya kutisha inaishi kwa ukimya. Aliyeitengeneza anakunyima sauti, anakunyima mwanga, anakuachia mlango mmoja unaofunguka taratibu, na ukishabana pumzi ndipo anakushtua. Sasa kijana wetu wa kutafsiri akiona ukimya anaona kama anadaiwa. Waasisi wa kazi hii nawaheshimu. Lufufu wa Dar es Salaam alitia Kiswahili kwenye mikanda ya kigeni mpaka watu wakaidai yenye sauti yake, na Wakenya wana DJ Afro wao. Lakini huyu wetu! Ile *Ringu* ya Wajapani ya 1998 ina mwanamke mwenye nywele zilizofunika uso, anatambaa kutoka kisimani, halafu anatoka ndani ya televisheni yenyewe. Dunia nzima ililala na taa ikiwaka. Kijana wetu akashika kipaza sauti: "Huyo anakuja, anadai hela yake ya vitumbua!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa vizuri tu.

Pili, watazamaji. Hawa hawatazami, wanashauri. Binti wa kwenye filamu akishika kitasa, benchi la nyuma linamwambia asiingie, na benchi la mbele linasema mwache aingie, kaambiwa hasikii. Fundi baiskeli anaeleza mwisho wa filamu, kisha anaongeza kwamba hataki kuwaharibia. Mama wa karanga anapita mbele ya skrini dakika ileile ambayo kisu kinanyanyuliwa, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu anapita ameinama, kwa hiyo anachukua muda mara mbili.

Adabu ndiyo inayoniua. Yupo kijana mmoja mwenye malezi mema kabisa, Mungu amzidishie, ambaye hafiki ila katikati ya filamu. Akifika hawezi kukaa bila kuamkia wazee, na wazee tumetapakaa mabenchi yote. "Shikamoo babu." Kwenye skrini mtu anakatwa kichwa. "Marahaba, mwanangu." "Za nyumbani?" "Salama." "Bibi hajambo?" Nikishamaliza kueleza magoti ya bibi, marehemu ameshazikwa na mzimu wake umeshaanza kazi, na sijui ni wa nani.

Umeme nao ukikatika, hapo ndipo hofu ya kweli inapoingia kibandani: hofu ya kutorudishiwa kiingilio.

Tatu, nyumba zao. Mizimu ya kigeni inapenda majengo. Inataka ngazi zinazolia, inataka dari la kuhifadhia midoli, inataka chumba cha chini ya ardhi chenye taa inayopepesa. Chimba chumba cha chini ya ardhi hapa Mlabani uone. Masika yakishika na Mto Lumemo ukitoka kwenye njia yake, utakuwa umejichimbia bwawa la perege, na mzimu wako utaufuga pamoja nao. Hitchcock mwaka 1960 aliwafanya Wamarekani waogope kuoga kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyechomwa kisu bafuni katika *Psycho*. Bafu la kwetu limezungushiwa magunia, halina paa, na liko uani. Muuaji angeonekana tangu kwa jirani, angeulizwa anamtafuta nani, angeambiwa asubiri barazani mama anaoga. Halafu kuna ile *Paranormal Activity* ya 2007, ambamo mlango unajisogeza wenyewe usiku na watu wanapiga mayowe. Mlango wangu unajisogeza tangu bawaba ya juu iache kazi, na hakuna aliyewahi kunipigia kamera.

Padri akiingia ndiyo basi kabisa. *The Exorcist* ya 1973 ilizimisha watu kwenye majumba ya sinema Marekani. Ifakara ni mji wa makanisa na jimbo lake Katoliki lipo tangu 2012. Padri alipotokea kwenye skrini na begi lake, kibanda kikashusha pumzi, watu wakaegemea ukuta. Kazi imepata mwenyewe. Wawili wakaondoka kwenda kulala.

Nne, na hapa siwezi kumlaumu mtu, wananchi wa bonde hili ni wagumu kutishika. Mpunga ukikaribia kukomaa, familia nyingi zinahamia mashambani, na mtu analala kwenye dungu akilinda shamba, mchana ndege, usiku nguruwe. Kiboko akipanda kutoka mtoni humwoni. Unamsikia tu anavyong'oa mpunga na kutafuna, anavyopumua, anavyosogea, na wewe huko juu una debe la kugonga na tochi ambayo betri zake umeshaziweka juani mara nyingi. Mtu aliyekesha namna hiyo umpigie fidla kwenye televisheni, ashtuke nini? Kabla ya daraja la Kilombero kujengwa watu hawa walivuka maji ya viboko na mamba kwa pantoni. Na huyo Dracula, ambaye Bela Lugosi alimvalia joho kwenye filamu ya 1931, akifika Ifakara atapanga foleni. Huku wanyonya damu wapo tayari, na wameheshimiwa mpaka wakajengewa nyumba za wavu za utafiti kule Kining'ina, wana wasomi wanaowahesabu. Yeye atalala kwenye jeneza, mbu wetu analala chini ya kitanda changu.

Sasa msije mkasema mzee huyu hatishiki na chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza *Nsyuka*, kisha *Shumileta*, filamu zetu wenyewe za mizimu na majini. Ukizitazama leo utaona kamera inayumba na vituko vya kompyuta vimebandikwa kwa haraka. Lakini zilitisha, na zilitisha kwa sababu mzimu hakuhitaji ngazi wala dari. Alikuja kwenye nyumba ya bati, alisema Kiswahili, na mtafsiri hakuwa na la kuongeza. Jini akija kwa sura ya mwanamke mzuri wa mjini, kila mume kibandani alianza kumkumbuka mtu fulani aliyemsalimia stendi.

Hofu inataka anwani. Mwaka 1995 jini Popobawa alipovuma Pemba na Unguja, watu wazima walikesha nje ya nyumba zao, wamewasha moto, na hakukuwa na filamu wala mtafsiri. Mumiani na chinjachinja walitisha Afrika Mashariki nzima tangu enzi za mkoloni, mpaka wazimamoto wakasingiziwa kwamba wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Habari hizo hazikugharimu hata senti ya matangazo.

Kwa hiyo vijana wa mtaa wanaoniambia kwamba Mlabani nayo iwe na tamasha lake la kila mwaka, nawaunga mkono kwa masharti. Lifanyike kiangazi, mpunga ukishaingia ghalani, watu wawe na hela na barabara ziwe barabara. Salamu zote zitolewe mlangoni, habari za bibi ziulizwe hapo hapo. Karanga ziuzwe kabla. Mtafsiri apewe likizo yenye malipo, nitachangia. Na filamu iwe ya kwetu: dungu usiku, kitu kinatafuna mpunga, mwenye shamba anamulika tochi na hakuna nyayo. Au treni inayoingia stesheni kwa dakika ileile iliyoandikwa kwenye tiketi. Hapo hata mimi nitatimua mbio.

Ushauri wa mwisho ni wa damu. Hitchcock katika *Psycho* alitumia sharubati ya chokoleti, kwa kuwa picha ilikuwa nyeusi na nyeupe na hakuna aliyejua. Tumieni mnachoweza. Ila mji huu una maabara ya utafiti tangu miaka ya 1950, tafiti nyingi za malaria zinaanza na tone la damu, na kila tone lina shangazi wa mtu anayeuliza linapelekwa wapi. Ndoo ya damu ya filamu ikionekana imepakiwa kwenye baiskeli jioni, tamasha litafungwa na polisi kabla halijafunguliwa na mgeni rasmi. Andikeni pembeni kwa herufi kubwa kwamba ni rangi ya kupikia. Na mmoja wenu akae karibu akiilamba, shangazi amwone.