Jinsi ya Kuzungumzia Muvi Murera Bila Kufukuzwa kwa Kinyozi

Anayeishi Murera akitaka skrini kubwa hupanda matatu hadi Garden City au katikati ya Nairobi, alipe nauli, tiketi na bisi, kisha arudi akipambana na foleni ya Thika Road. Wengi wetu hatuwezi kufanya hivyo kila filamu inapotoka. Tunachoweza ni kuongea. Huku kati ya Ruiru na Juja muvi husikika kabla haijaonekana: kinyozi anaisimulia mashine ikiwa kisogoni mwako, makanga anaipinga, mwanafunzi wa JKUAT anaitetea bila kuinua macho kwenye simu. Mmoja akisema "hiyo ni bure", wote waliomsikia hawataiweka kwenye flash. Maneno yenye nguvu kiasi hicho yanahitaji sheria, na hizi hapa.

Ya kwanza: itazame. Inaonekana sheria ndogo mpaka uwatazame wanaoivunja. Kuna anayehukumu kwa trela. Trela hukatwa na watu wanaolipwa kukuuzia, nao huchagua mlipuko bora na utani bora. Kuisifu filamu kwa hiyo ni kama kumsifu bibi harusi kwa kusoma kadi ya mwaliko. Kuna anayeikimbiza filamu, akiruka mbele kila watu wanapoketi kuzungumza, kisha analalamika kwamba hakuelewa kwa nini ndugu alimsaliti nduguye. Usaliti ulifanyika pale uliporuka, rafiki yangu. Na kuna aliyelala. Huyu anaruhusiwa kutoa maoni kuhusu sehemu aliyokuwa macho, mradi ataje mbele ya mashahidi ni wapi alipoanza kukoroma.

Nchi nzima iliivunja sheria hii mwaka 2018. Filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, inayohusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ilipigwa marufuku mwezi Aprili na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Mei ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Kwa miezi kadhaa watu walikuwa na msimamo mkali, wa kuilaani au wa kuitetea, na wengi wao hawakuwa wameona hata dakika moja. Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu watu wazima waione kwa siku saba, na watu wakapanga foleni. Nawaheshimu waliosimama kwenye foleni hiyo, hata wale waliotoka wamekunja uso, kuliko wote waliopiga kelele kabla. Aliyeketi hadi mwisho amepata haki ya kukasirika.

Ukishaitazama, leta tukio. "Ni noma" si maoni, wala "iko sawa tu" si maoni. Anayesema hivyo aulizwe hapohapo: noma wapi? Nani alikuwa amesimama, nani alikuwa analia, nini kilikufanya usogee mbele ya kiti? Asipojibu, zamu yake imepita, anyamaze hadi mwingine amalize kunyolewa.

Mwalimu wetu katika hili ni mtu wa kubuni anayeitwa Mwas. Yumo katika Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, filamu ya mwaka 2012 ambayo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania Oscar. Tunapokutana naye yuko kijijini anauza DVD, na anaziuza kwa kuziigiza. Haambii wateja kwamba filamu ni nzuri. Anawapigania vita vyake mbele yao, kwa sauti na mikono, mpaka watu wanasimama kutazama. Joseph Wairimu, aliyemwigiza, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo, na ukiona dakika zile za mwanzo utajua kwa nini. Mimi huona kwamba Mwas ndiye mhakiki bora wa filamu tuliyewahi kuwa naye. Kijana mwenye duka la muvi karibu na stegi, anayekueleza kwa dakika tatu kwa nini uchukue hii na uache ile, ni wa ukoo wake. Msikilize kwa makini. Ametazama nyingi kuliko wewe.

Sasa kuhusu kifo. Kila mtu aliyekulia kwenye vibanda vya vidio anajua kwamba staringi hafi. Risasi zinampita, adui anamweleza mipango yake yote badala ya kufyatua, na mwisho anatoka ndani ya moshi akipangusa koti. Imani hii ndiyo inayofanya kifo cha kweli cha mhusika kiwe na uchungu. Kwa hiyo kumtajia mtu nani anakufa kabla hajaona ni kumwibia, na hakuna udhuru. Usiseme "si ilitoka zamani?" Muda wa kusubiri haupimwi kwa kalenda ya Marekani, unapimwa kwa yule mwenye bando dogo kuliko wote katika kikundi chenu. Akishaona yeye, midomo ifunguliwe. Anayevunja sheria hii awanunulie wote mtura, na mtura wenyewe uwe wa moto.

Marvel wametuletea kesi ngumu hapa. Robert Downey Jr. alikufa akiwa Iron Man katika Avengers: Endgame mwaka 2019, hilo sasa laweza kusemwa hadharani, hata aliye na bando la wiki ameshafika. Julai 2024 ikatangazwa kwamba anarudi katika Avengers: Doomsday, si kama Iron Man, bali kama adui, Doctor Doom. Mabishano niliyosikia kuhusu jambo hili kati ya Ruiru na Juja yamekuwa ya daraja la juu. Wapo wanaosema ni uroho wa pesa. Wapo wanaosema sura ileile tuliyoililia ikigeuka ya kutisha, hofu itakuwa mara mbili. Mimi niko na hawa wa pili, na nitabaki nao hadi filamu inionyeshe vingine.

Nije kwenye jambo linalogombanisha nyumba nyingi kuliko yote: kuongea filamu ikiendelea. Wageni husema ni utovu wa adabu. Hawajui tulikotoka. Afrika Mashariki imejenga sanaa nzima juu ya kuongea filamu ikiendelea. DJ Afro amekuwa akisikika katika vibanda na matatu za Kenya kwa miaka mingi, akieleza kwa Kiswahili filamu za mapigano na za Kihindi, akimkejeli adui, akiongeza mambo ambayo mwandishi wa filamu hakuwahi kuyawaza. Tanzania walikuwa na Lufufu, na kanda zenye sauti yake zilitafutwa kwa ajili ya sauti hiyo. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na leo dunia inaitazama ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akicheka, akishangilia, akitutahadharisha kwamba mambo yanakaribia kuchacha. Ukiiondoa sauti ile, umeondoa nusu ya filamu.

Kwa hiyo sheria ni hii: ongea, ikiwa unaongeza kitu. DJ Afro ameshaiona filamu kabla ya kufungua mdomo. Anajua lini anyamaze ili ngumi isikike. Wewe unayeuliza "huyu ni nani?" kila mtu mpya akiingia hujafika hapo. Kila mwenye kipaji cha kusimulia apewe kiti cha mbele. Wengine wote wasubiri matangazo, au stima ipotee, ambapo mjadala uko wazi kwa kila mtu.

Asiyeamini kwamba msimulizi wa kibanda ni msanii atazame Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa aliye mgonjwa, na hatapona. Anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu kuliko chochote. Mama yake anamtoa hospitalini akae nyumbani, na kijiji kinaanza kupanga njia ya kumfanya aamini kwamba ana nguvu hizo. Miongoni mwao yumo Mike, anayeonyesha na kusimulia filamu kwenye kibanda cha kijiji, na bila mtu wa aina yake kijiji kisingejua pa kuanzia. Stycie Waweru, aliyemwigiza Jo, anacheka kwa namna ambayo inakufanya utake kuibeba nyumba nzima. Filamu ilitajwa kwa heshima na majaji watoto wa tamasha la Berlin mwaka huo. Ni fupi, haifiki dakika themanini. Mwisho wake siwaambii, kwa sababu ya sheria ya mtura.

Hapo ndipo ninapotaka kukemea kwa sauti kubwa. Kuna sentensi moja ambayo natamani ikatazwe kuanzia Ruiru mpaka Thika: "Kwa muvi ya Kenya, si mbaya." Aliyetengeneza Supa Modo hakuomba kupunguziwa alama. Ukiona filamu ya hapa kwetu ina sauti mbovu, sema sauti ni mbovu. Ukiona hadithi imelegea katikati, sema imelegea, na utaje ni wapi. Lakini usiipigie makofi ya huruma, na usiidharau kabla ya kuifungua. Ukali uleule unaoutumia kwa Marvel utumie kwa Nawi ya mwaka 2024, inayomfuata msichana wa Turkana anayetaka kuendelea na masomo huku baba yake akitaka kumwoza. Utakuta kwamba inaweza kuubeba. Tumia ukali huohuo pia kwa vichekesho vya Kikuyu vya akina Machang'i na Kihenjo, vilivyouzwa River Road na kuingia katika kila nyumba ya Kiambu iliyokuwa na deki. Hizo ndizo filamu ambazo nyanya zetu walizitazama na kuzielewa zote, na sijasikia watu wakizijadili kwa uzito zinaostahili.

Na kama mtu akisema sehemu hii haijawahi kuwa kwenye skrini, mkumbushe kwamba jirani yetu Thika iliingia sebule za Uingereza mwaka 1981. The Flame Trees of Thika, kutoka kwa kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, ilifanywa mfululizo wa televisheni wa sehemu saba, Hayley Mills akiwa mama na Holly Aird akiwa mtoto. Ni kisa cha walowezi wanaofika Thika mwaka 1913 kuanzisha shamba la kahawa. Waigizaji ni wazuri na nchi ni ya kupendeza. Ukiitazama, fuata swali moja tu: ni nani anayepewa nafasi ya kuwaza kwa sauti, na nani anayeonekana akibeba mizigo? Kisha tafuta The Kitchen Toto ya mwaka 1987. Nayo iliongozwa na Mwingereza, Harry Hook, lakini kamera inakaa na Mwangi, mtoto wa mchungaji Mkikuyu aliyeuawa, anayefanya kazi jikoni kwa afisa wa polisi mzungu wakati Mau Mau inapamba moto. Ziweke mbili hizo kando kwa kando jioni moja na mjadala utafika usiku wa manane. Sisi tunaoishi kwenye ploti zilizokatwa kutoka mashamba ya kahawa tuna mengi zaidi ya kusema hapo kuliko mhakiki yeyote wa London.

Kuhusu watoto nitakuwa mfupi: alama ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, 16 au 18, si pambo. Isome kabla ya kubonyeza, si baada ya mtoto kuuliza swali. Kuhusu malipo pia: pesa unayompa kijana wa duka ili akujazie flash haimfikii aliyeitengeneza filamu. Kwa hiyo filamu ya Kenya ikionyeshwa mahali inapolipiwa, hiyo ndiyo siku ya kutoa nauli.

Zimebaki filamu ambazo hazijatoka. Kwa hizo unaruhusiwa kusema mambo matatu: ni nani wamo, inatoka lini, na unatumaini nini. Hukumu bado. Chukua The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyopangiwa Julai 2026. Matt Damon ni Odysseus, na Lupita Nyong'o wetu, aliyebeba Oscar mwaka 2014, yumo. Yote imepigwa kwa kamera za IMAX. Hadithi ni ya mtu aliyemaliza vita vya miaka kumi, kisha akachukua miaka kumi mingine kufika nyumbani, na kila abiria wa Thika Road saa kumi na mbili jioni ataielewa bila sabutaitoli. Ninachotumaini ni kwamba Lupita atapewa maneno ya kutosha, na kwamba bahari itakuwa kubwa kiasi cha kututisha. Simu haiwezi kutuonyesha hilo. Hii ni ya jumba la 20th Century, barabara ya Mama Ngina, kwenye ile skrini kubwa, na viti vya wikendi ya kwanza havitatusubiri. Orodha ya waendao ianze kuandikwa mwezi mmoja kabla, kila aliyeweka jina aweke na amana ya nauli, na wawili wanaoweza kusimulia vizuri wakae dirishani wakati wa kurudi.