Hakuna Sera Kwenye Frigo

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa frigo kwa sumaku yenye umbo la uyoga: Nie ma sera. Nilikuwa na wiki tatu tu mjini Lublin. Nie ma nilishalijua: hakuna, haiko. Lakini sera? Nikasimama pale na kikombe mkononi, mtoto wa kijiji cha Mushaki, raia wa Kongo, nikijiuliza huyu bibi mwenye nyumba, ambaye hajavuka mpaka wa Poland zaidi ya mara mbili, amelijuaje tatizo la nchi yetu upesi hivi.

Kumbe alikuwa akinijulisha kwamba jibini imekwisha. Jibini kwa Kipolandi ni ser. Ikiwepo, ni ser. Ikikosekana, inakuwa sera. Yaani kitu kikitoweka nyumbani kinabadili na jina, kama mtu aliyekimbia deni. Maziwa vilevile: jest mleko, yako, nie ma mleka, hayako. Mkate ni chleb, ukiisha ni chleba. Sisi Mushaki tunasema "maziwa iko", "maziwa haiko", na maziwa yenyewe hayasumbuliwi na mtu. (Wasomaji wa Dar na Unguja, najua: yapo, hayapo. Mtusamehe. Ngeli nyingine zilichoka zikiwa Sake, chini kwenye barabara ya kwetu, kabla ya kupanda mlima.)

Na kama kuna mtu asiyestahili kuambiwa jibini hakuna, ni mimi. Ukitoka Goma kwenda Masisi, ukishaipita Sake barabara inaanza kupanda, hewa inapoa, na vilima vinageuka malisho mpaka jicho linapoishia. Kwetu ni huko. Jibini, ambayo sisi tunaiita fromaji, ni ya mviringo, imara, ya rangi ya siagi. Inateremshwa Goma, na nyingine ilikuwa ikipanda ndege hadi Kinshasa ilhali waliokamua maziwa yake hawakuwahi kupanda hata teksi. Nimekula fromaji kabla sijaota meno ya kuitafuna.

Basi nikaamua kukisoma Kipolandi palepale jikoni, maana darasani mwalimu alituchorea jedwali la hali saba za jina, nikaona kizunguzungu. Jikoni nikagundua jambo moja: sisi neno tunalivalisha kofia, wao wanalivalisha viatu. Mtoto, watoto, kitoto: mambo yote kichwani. Chleb, chleba, chlebem: mambo yote miguuni. Sisi kiatu cha mahali tunacho kimoja, -ni, na kinamtosha kila mtu: natoka nyumbani, naenda nyumbani, niko nyumbani. Frigo ya bibi ina viatu vya kwendea na vya kukalia. Jina lake lodówka. Ukitia kitu ndani yake ni do lodówki. Kikishatulia humo ni w lodówce. Maziwa yangu yaliharibika mezani mara mbili nikiwa bado natafuta mwisho wa neno.

Kisu ndicho kilichoniaibisha. Goma tunasema "nakata na kisu" bila haya, kwa hiyo siku moja nikamtangazia bibi kwa majivuno: kroję ser z nożem. Akakitazama kisu, akanitazama mimi, akauliza: na chenyewe kinakata? Kumbe ile z ndogo, hapo, ni ya mwenzako, mtu mliyefuatana. Chombo hakifuatani na mtu. Chombo kinatumiwa, nacho kinavaa kiatu chake bila z: nożem, basi. Nikashika somo. Z ifutwe.

Jumapili jirani akaingia jikoni, akatukuta mimi na bibi tunaandaa meza, akauliza tunafanya nini. Nikajibu haraka, bila z hata moja: kroję chleb panią. Nilitaka kusema kwamba nakata mkate pamoja na mama mwenye nyumba. Nilichosema ni kwamba nakata mkate kwa kumtumia mama. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Jirani alikiangalia kile kisu kwa muda.

Ni jirani huyohuyo niliyembishia hodi wiki iliyofuata, mlango wa bibi ukiwa umejifunga nyuma yangu. Nikamwambia nimesahau funguo: zapomniałam kluczy. Sentensi safi, nimeisikia kwa bibi kila Jumatatu. Tatizo ni kwamba nimeisikia kwa bibi. Kipolandi kikisimulia yaliyopita, kitenzi kinamtaja mtendaji kama ni wa kiume au wa kike: mwanamume husema zapomniałem, mwanamke zapomniałam. "Nilisahau" yetu haimchungulii mtu. Mimi, na ndevu zangu na urefu wangu wa kuinama mlangoni, nilikuwa nimeishi mwezi mzima mjini Lublin kama bibi wa miaka sabini na mbili: nimechoka, nimepika, nimekwenda kanisani, vyote kwa kike. Hakuna aliyenisahihisha. Walidhani ndiyo desturi ya kwetu.

Baada ya hapo nikasusa. Viatu vyote nikavivua, nikawa nasema vitenzi vikiwa uchi: mimi kununua mkate, mimi kwenda duka. Kijana wa jirani akapasuka kicheko: "Kali!" Nikadhani ananisifu kwamba ni mkali. Sivyo. Kali ni mhusika wa riwaya ya Henryk Sienkiewicz, W pustyni i w puszczy, iliyotoka 1911, ambayo Wapoland wameisoma utotoni kizazi kwa kizazi. Ni kijana Mwafrika, na mwandishi amemfanya aseme Kipolandi karibu bila kunyambua vitenzi. Sienkiewicz alifika Zanzibar mwaka 1891. Nahisi neno lenyewe aliliokota huko, akalifanya jina la mtu. Kuna hata msemo kwao, "maadili ya Kali": Kali akiibiwa ng'ombe ni dhambi, Kali akiiba ng'ombe za wengine ni jambo jema. Hapo niliacha kukasirika. Msemo huo mtu wa Masisi haufungulii kamusi.

Lakini kilichonifilisi ni hesabu. Andazi dogo la mkate huitwa bułka. Mawili, matatu, manne ni bułki. Ukifika matano, viatu vinabadilika: pięć bułek. Na si kwamba yamebadilika moja kwa moja. Ukifika ishirini na mawili yanarudi bułki, kana kwamba hapakutokea kitu. Kwa miezi miwili nilinunua maandazi manne. Njaa ya matano, nanunua manne. Wageni sita, nanunua manne, natoka nje, naingia tena, nanunua mengine mawili. Mwenye duka alinihurumia, akidhani ni mambo ya fedha.

Hata Mushaki haikusalimika. Poland kuna mji uitwao Suwałki, kaskazini-mashariki, unaosifika kwa baridi kuliko yote nchini humo. Mtu wa huko akisema atokako, ni z Suwałk. Bibi alipolisikia jina la kwetu, akiona nalo linaishia -ki, nalo ni la mahali pa baridi, hakuhitaji kufikiri. Sasa ananitambulisha kwa wageni wake: huyu ni kijana wetu, z Mushak. Kijiji changu amekikata mkia mbele ya watu, na wote wanaitikia kwa kichwa.

Nawe msomaji, ukipata kupita Mushaki na barabara ikiwa wazi, ninunulie fromaji umpelekee mama yangu. Moja inatosha. Mbili, tatu, nne, sawa pia. Zikifika tano, nipigie simu kwanza.