Bustani ya Nyoka ya Nini?

Kila bustani ndogo ya nyoka inapofungwa, sisi wa Shinyanga, Kahama na Geita tuwe wa kwanza kushangilia. Ya nini kulipa kiingilio umtazame moma nyuma ya kioo, ilhali mkulima wa pamba anamkanyaga bure? Mchimbaji mdogo naye akishuka duarani hukutana na fira bila tiketi.

Zamani Bayeye wa Usukumani walicheza ngoma na chatu, wakakamata nyoka na kutibu walioumwa. Ushamba mtupu! Siku hizi tuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Hata chatu anatakiwa kuwa na kibali.

Wapo wabishi watakaosema bustani hizo zina faida, kwani dawa ya sumu huanzia kwa nyoka mwenyewe: akamuliwe, farasi adungwe kidogo kidogo, damu yake ichujwe. Tujichoshe hivyo? Kule Tamil Nadu, Wairula wanakamua kwa ushirika tangu 1978. Kweli, wanakamua nyoka wa India, lakini nyoka ni nyoka. Moma wa Msalala ajirekebishe, aume kwa viwango vya kimataifa.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Mwaka huohuo sisi tulikuwa na kazi nzito ya kuhesabu makontena 277 ya makinikia, ule mchanga wa madini, bandarini, tena tukayahesabu hadi la mwisho. Dawa ya nyoka zahanatini haina usumbufu huo: ukifungua kabati, unaona hadi ukuta wa nyuma.