Kishindo, Kishindo, Kofi

Nyie mnaokaa nyumba za bati na silingibodi mna raha zenu. Sie wa Mji Mkongwe wa Zanzibar dari letu ni boriti, mawe na chokaa ya enzi hizo, na juu ya dari langu anakaa kijana. Kijana ana spika. Spika ina bendi ya Queen. Sasa niambie jirani, mtu mzima kama mie nikimbilie wapi?

Tena si Queen yote, afadhali ingekuwa yote. Ni albamu moja tu, ile ya vibao vyao vikali iliyotoka 1981. Nyimbo 17. Inaisha, inaanza. Kijana anasema hakuna albamu iliyouzwa Uingereza kuishinda, nakala zaidi ya milioni 7. Wenzetu wametoa pesa zao mfukoni. Mie sikutoa hata senti na naisikiliza kuliko wao.

Kumgombeza siwezi. Napanda ngazi nimekunja uso, maneno nimeyapanga, sijafungua mdomo ananiwahi: "Shikamoo, mzee." Naitikia marahaba. Ukishaitikia marahaba utagomba vipi tena? Mke wangu yuko chini ametega sikio asikie nikifoka. Nashuka na kipande cha halua.

Kijana anaimba hotelini, na watalii wanamtaka Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kwa kuwa alizaliwa hapa hapa. Ndiyo, hapa. 1946, mtoto wa Kiparsi, jina lake Farrokh Bulsara, baba yake akifanya kazi serikalini enzi za Mwingereza. Akapelekwa kusoma India, na 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Usidhani nilifundishwa skuli. Nilifundishwa na mtalii. Alinisimamisha Shangani akaniuliza nyumba ya Freddie. Nikamwambia simjui huyo bwana, aulizie Malindi. Akanihurumia. Akanisimulia yote, juani, mgeni ananieleza mtaa wangu, na watoto wa chuo wanapita na juzuu zao wananitazama nikiitikia "yes, yes". Siku hizi kuna makumbusho yake pale Shangani, nimepumzika.

Ila nongwa yangu na hii albamu ni nyingine. Haijulikani ni bendi gani inapiga! Wimbo wa kwanza, ule mrefu wa 1975, unaanza na sauti za watu bila ala, halafu piano, mtu analia. Mara kwaya, wanapandishiana sauti kama wanagombea mirathi. Mara magitaa. Mara kilio tena. Karibu dakika sita. Mie nilijua wamekodi kwaya ya kanisa zima. Kijana akasema hapana mzee, ni watu watatu: Freddie, Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa ngoma. Walirekodi sauti juu ya sauti juu ya sauti, mpaka tepu ikachakaa ukawa unaona upande wa pili. Watu watatu! Sie kwenye shughuli tunajaa ukumbi mzima na kiitikio hakisikiki.

Haya, umeshaizoea kwaya, wimbo wa pili unaingia. Hakuna kwaya, hakuna kilio. Gitaa la besi peke yake linatembea, disko tupu, la 1980, lililoshika namba moja Marekani. Ni sawa na kupanda daladala la Bububu ukashushwa Fuoni. Hujakaa sawa, wa tatu unakurudisha 1974. Hawakuzipanga kwa miaka! Kibao chao cha kwanza kabisa kimefichwa namba 15. Mtu akitaka kusikia bendi inavyobadilika lazima awe na kalamu.

Nikachukua kalamu. Mke wangu akauliza naandika nini nyuma ya kalenda, nikasema hesabu za nyumba. Ukizipanga sawasawa mambo yanaonekana. Mwanzo magitaa yamerundikwa mpaka yanafanana na okestra, na yote ni mikono ya Brian, kwa gitaa alilolitengeneza na baba yake nyumbani, shingo yake mbao ya jiko la moto la zamani. Analipiga kwa sarafu ya peni sita. Mie nilijaribu kutengeneza kigoda, kinalalia upande hadi leo. 1976 wanaimba kama kanisa la Wamarekani weusi, kwani Freddie alimhusudu Aretha Franklin. 1979 wanamuigiza Elvis. 1980 disko. Na kwenye majalada ya mwanzo walikuwa wakijigamba kwa maandishi kwamba humu ndani hamna sintesaiza. Ilipofika 1980 wakaitia. Nawaelewa. Na mie niliapa sitaki simu ya kupangusa, sasa nalala nayo.

Kumbe chanzo cha mabadiliko hayo ni kwamba wote wanne walikuwa watunzi, kila mmoja na ladha yake. Nikahesabu: Freddie nyimbo 10, Brian 5, John Deacon wa besi 2, na moja ya hizo ndiyo ile ya disko. Roger Taylor? Sifuri. Kaka wa watu apige ngoma nyimbo karibu zote 17 na jina lake lisiwemo hata kwenye mmoja! Nilimwonea uchungu kama ndugu yangu, nikapanda juu kumtetea. Kijana akacheka. Akasema mzee, mgongoni mwa sahani ya ule wimbo mrefu wa 1975, upande wa pili, waliweka wimbo wa Roger wa kuipenda gari yake. Kila aliyenunua kwaya alinunua na gari, mtunzi wa upande huu na wa ule wakalipwa sawasawa. Huruma yangu nikaibeba nikashuka nayo.

Namba 5 ni ule wa baiskeli, na katikati wamepiga kengele za baiskeli. Za kweli. Mie nikisikia kengele najua mtu wa mkate huyo. Natoka na pesa mkononi, nasimama mlangoni, uchochoro mtupu. Majirani wa barazani washanijua. Siku hizi wananihesabia: "Bado namba mbili, mzee, usitoke kwanza!"

Lakini ninayoiogopa ni 16. Ile ya kukanyaga sakafu: kishindo, kishindo, kofi. Wenyewe 1977 waliirekodi kwa kukanyaga mbao, kwenye studio iliyokuwa ukumbi wa kanisa. Kijana anaikanyaga juu ya chai yangu. Kishindo cha kwanza dari linaguna. Cha pili, chokaa inadondoka, unga mweupe mwembamba, inaelea juu ya maziwa kidogo halafu inazama. Nimejifunza. Namba 15 inamalizikia na watu wanaoimba kwa pamoja kusifu ufukwe, ndiyo honi yangu. Nikisikia ufukwe nafunika kikombe. Wageni nyumbani kwangu hudhani ni mila yetu.

Sasa kaleta na ya pili, ya 1991, nyimbo 17 nyingine. Vinanda vya umeme kila pahala, na Roger hatimaye kapata vibao. Ilitoka Oktoba, Novemba Freddie akafariki. Nyuma huko, 1982, walitoa albamu iliyoelemea kudansi, wapenzi wa roki wakanuna, na humu wamenyofoa kwake wimbo mmoja tu, ule na David Bowie. Aibu haziingii kwenye vibao vikali. Laiti na mie ningechaguliwa miaka.

Wiki iliyopita kijana akashuka. Shikamoo, marahaba. Bendi yao ya hotelini imepungukiwa mtu wa kusimama kama John Deacon. Nikasema sijui kuimba. Akasema ndiyo sababu nimekuja, mzee, John naye haimbi. Nikavishwa suruali ya kubana, nikapewa gitaa la besi lisilochomekwa popote, nikasimama nyuma karibu na mlango wa jikoni. Wahudumu wananipita na sinia za pweza. Watalii wakapiga picha, mie nimenyamaza barabara, nimeridhika.

Kijana akaleta video. Mke wangu akaiangalia. Akairudisha nyuma, akaiangalia tena, miwani puani.

"Baba Salma, si ulisema unanyamaza? Mbona midomo inacheza?"

Nikamwambia nilikuwa natafuna karafuu.