Shombo la Sherehe

Mjomba wa mke wangu ametema mvinyo wangu kwenye bakuli la kunawia. Juzi jioni, mbele ya wageni wote, tena kwa adabu: alijifuta mdomo kwanza, akanitazama kwa huruma, akauliza, "Mkwe, chupa hii ilikuwa na mafuta ya nguru?"

Ilikuwa na Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa bei ambayo siitaji kwa sababu mke wangu husoma anachokiandika mumewe. Tulikuwa tunasherehekea shahada yake ya uzamili, na mwenyewe alitaka changu wa kupaka: achomwe kwenye mkaa, apakwe tui zito lenye ndimu, tangawizi na pilipili mbuzi, arudishwe motoni mpaka tui ligande. Muuza vinywaji nilimweleza yote hayo. Akaniapia kwamba mvinyo mwekundu mzuri hauchagui chakula. Nimempigia simu, hapokei.

Basi nimekesha nikisoma. Kumbe mwaka 2009 watafiti wa Japani, watu wasiotaniwa kwa habari za samaki, walichapisha jibu: mkorofi ni chuma. Mvinyo mwekundu huwa na madini ya chuma, mwingine kidogo, mwingine tele. Chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki, huyavuruga mle mle kinywani, na shombo ambalo mpishi alilifukuza kwa ndimu na moto linazaliwa upya samaki akiwa ameshaiva! Katika majaribio yao, watu wazima waliketi wakitafuna kombe waliokaushwa na kusukumizia mvinyo. Chuma kikiongezwa, shombo linapanda. Kikifungwa kwa dawa, linashuka. Nawaonea wivu kazi yao.

Halafu kuna ukakasi, ule wa bibo la korosho. Huletwa na tanini za maganda na kokwa za zabibu, ambazo hunasa protini za mate, ulimi ukabaki hauna kilainisho. Ukiwa na nyama ya ng'ombe iliyonona, tanini hupata protini nyingine za kushughulika nazo. Za mvinyo wangu zilimkuta Mjomba. Nayo pilipili, ikiguswa na kilevi, huwaka upya. Kwa hiyo kinywa cha mzee yule kilikuwa kikavu, kinaungua na kinanuka kwa wakati mmoja, na bado alisema asante.

Tena wajuzi wa mvinyo wanashauri mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Ushauri huo ni wa nyumba za mawe za Ulaya, kabla hazijawekewa mitambo ya kupasha joto, zenye nyuzijoto 16 hivi hadi 18. Sebule yangu ya Tabata ilikuwa na 31, feni ikizunguka.

Hapo ningecheka tu, lakini Mjomba analima zabibu Dodoma, ambako mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, neema ambayo Bordeaux hawaijui. Aliigeuza ile chupa, akasoma karatasi yake mbele na nyuma.

"Hii imekuja kwa ndege?"

"Kwa meli, Mjomba, nadhani."

"Zangu hazikupata hata lori."

Msimu uliopita wanunuzi walijaza matangi yao mapema, hawakurudi, na zabibu zake zikaozea shambani. Na katika duka lile nililoelekezwa kwenye rafu yenye taa, chupa za Dodoma zilikuwa chini kabisa, jirani na sabuni za kufulia, kana kwamba aliyezipanga anazionea haya. Mzee anahudumia mizabibu yake kwa mkopo. Sijui nani alimwambia yule muuza duka kwamba sherehe lazima ivuke bahari.





Mama mkwe, ambaye hakuuliza kitu, alijimiminia nusu glasi ya mvinyo ule ule, akajaziliza barafu na soda ya ndimu, akanywa, akaomba tena.